Kelele za Makusudi: Santuri za Kwanza za Okestra za Vichekesho na Mvumo wa Marimba ya Ugogo

Mtu aliyezoea piano au gitaa, aisikiapo marimba ya Wagogo kwa mara ya kwanza, hushangaa. Dole gumba linapouachia ulimi wa chuma, noti hutoka safi, kisha nyuma yake hufuata mvumo mkavu kama wa nyuki aliyefungiwa kibuyuni. Mgeni hudhani kwamba sanduku la chombo limepasuka. Lakini mwenyeji wa Ihumwa, Buigiri au Mvumi aliyekua akiisikia marimba anajua ya kuwa mvumo huo haukuja kwa bahati mbaya. Fundi aliutia mwenyewe, na kama ungetoweka angeketi chini kuitengeneza marimba yake upya.

Makala haya yahusu kelele za namna hiyo, yaani kelele zinazotolewa kwa makusudi. Ili kuzielewa, tutazifuata kwanza santuri za mwanzo za bendi na waimbaji wa vichekesho. Msomaji asishangae kuona vichekesho katika jarida la sayansi. Bendi ya kuchekesha iliipa mashine ya kunasa sauti mtihani mgumu kuliko bendi nyingine yoyote, kwa kuwa ilidai kelele ihifadhiwe kwa uaminifu uleule unaohifadhi wimbo. Mashine ilishinda mahali pengine, na pengine ikashindwa. Kule kushinda na kushindwa kwake kunatuhusu sana leo, wakati ambapo sauti za wazee wetu zinahamishwa kutoka katika santuri na kanda na kutiwa katika kompyuta, na mtu aketiye mbele ya kompyuta hiyo hana budi kuamua ni kelele ipi aiache na ni ipi aifute.

Sauti na kelele

Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba sauti ni mtetemo unaosafiri hewani. Uzi wa zeze ukitetemeka mara 300 kwa sekunde, hewa iliyo karibu nao hubanwa na kuachiwa mara 300 kwa sekunde, nasi husema kwamba marudio yake ni Hertz 300. Lakini uzi hautetemeki kwa namna moja tu. Hutetemeka mzima, na papo hapo hutetemeka kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kuendelea. Kwa hiyo pamoja na Hertz 300 husikika pia 600, 900, 1,200 na nyinginezo. Sauti hizi za juu tutaziita sauti fuasi. Hizo ndizo zinazotuwezesha kutofautisha zeze na filimbi hata vikipiga noti moja.

Sauti ambayo mitetemo yake hujirudia kwa mpango tunaiita noti. Ile ambayo mitetemo yake haina mpango, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, tunaiita kelele. Tofauti hiyo yaonekana wazi katika kitabu, lakini katika muziki wenyewe mpaka wake ni mwembamba. Ngoma ina noti na kelele. Kayamba ni kelele tupu, ila kelele iliyotiwa katika mwendo. Njuga za mguuni ni kelele pia, nazo hutuambia mchezaji ameukanyaga wapi mguu wake.

Hapo ndipo kichekesho kinapopata nafasi. Sikio husikiliza likitazamia. Likisikia noti tatu za wimbo linaoujua, huitazamia ya nne. Mchezaji akiweka mlio wa bata mahali pa noti ya nne, na akauweka kwa wakati barabara, watu hucheka. Akiuweka kabla ya wakati au baada yake, hawacheki, huona amekosea. Kwa maneno mengine, kelele ya kuchekesha hudai ustadi uleule wa noti, na pengine zaidi.

Pembe na nta

Thomas Edison alitengeneza mashine yake ya kwanza ya kunasa sauti mwaka 1877. Kwa takriban miaka hamsini iliyofuata, mashine za aina hiyo hazikutumia umeme kuipokea sauti. Mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa. Sauti ikajikusanya katika ncha nyembamba ya pembe, ikakitikisa kiwambo chembamba, nacho kiwambo kikaisukuma sindano iliyochora mfereji juu ya nta. Nguvu yote iliyochora mfereji huo ilitoka katika mapafu na mikono ya wachezaji wenyewe.

Mashine hiyo ilikuwa na sikio jembamba. Ilipokea vizuri mitetemo ya kati ya Hertz 250 na 2,500 hivi, na kilichozidi au kupungua hapo kilipotea. Ngoma kubwa iliweza kuirusha sindano nje ya mstari wake, na fidla haikusikika vema. Ndiyo sababu fundi mmoja aliyeitwa Stroh, huko London, alitengeneza mwishoni mwa karne ya 19 fidla isiyo na sanduku la mbao, yenye kiwambo na pembe ya bati, ili sauti yake ielekezwe moja kwa moja katika pembe ya mashine. Badala ya zeze kubwa la besi, mabendi yaliweka tarumbeta kubwa ya besi.

Ni sauti gani basi iliyoipendeza mashine hii? Sauti kali, ya karibu, iliyoangukia katikati ya mipaka yake: mluzi, banjo, marimba ya mbao, tarumbeta, na kicheko cha binadamu. Hapana shaka hii ni sababu mojawapo ya kuwa vichekesho vilijaa katika miaka ya mwanzo ya biashara hiyo. Mwaka 1890, mtu mweusi aliyeitwa George W. Johnson, aliyezaliwa Virginia zama za utumwa na aliyekuwa akipiga mluzi mitaani New York ili apate riziki, aliingia mbele ya pembe na kuimba wimbo ambao kiitikio chake ni kicheko kilichotiwa katika noti na mwendo. Ukapendwa mno. Lakini wakati huo haikuwepo njia nzuri ya kuzalisha nakala nyingi kutoka kwa nta moja. Kwa hiyo Johnson alilazimika kuucheka wimbo uleule tena na tena, siku baada ya siku, na kila mara mashine chache zilizopangwa mbele yake zikapata nakala chache. Waliocheka majumbani mwao walisikia furaha, na aliyekuwa mbele ya pembe alikuwa kazini.

Funzo la kwanza ni hili: mashine haikuhifadhi muziki wote wa zama zake. Ilichagua. Kilichopenya katika tundu lake kilidumu, na kisichopenya twaweza kudhani leo kwamba hakikuwako.

Beni na santuri za Bombay

Huku kwetu mashine ya nta ilifika mapema. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu, akanasa nyimbo. Nyaraka za sauti za zama hizo zilikusanywa Berlin, ambako hazina maalumu ya sauti ilikuwa imeanzishwa mwaka 1900. Na mwaka 1909 Erich von Hornbostel alichapisha uchunguzi wake juu ya nyimbo za Wanyamwezi.

Zama hizohizo watu wa pwani ya Kenya walikuwa wameanzisha mchezo ambao waweza kabisa kuitwa okestra ya vichekesho ya Afrika Mashariki, nao ni beni. Jina limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Wachezaji waliziiga bendi za kijeshi za wakoloni kwa gwaride, kwa mavazi na kwa vyeo. Palikuwa na Kingi, palikuwa na majenerali, palikuwa na makundi mawili yaliyoshindana, Marini na Arinoti. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi waliirudisha beni bara, nayo ikaenea Tanganyika nzima. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Katika kuiga huku mlikuwa na heshima na mlikuwa na dhihaka, na mtawala aliyetazama hakuweza kuwa na hakika ni lipi lililozidi.

Mahali pasipopatikana matarumbeta ya shaba, watu walitengeneza yao. Katika mganda wa pande za Ziwa Nyasa, ngoma iliyo jamaa ya beni, wachezaji huimba ndani ya vibuyu vilivyotobolewa, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui. Sauti ya mtu ikipita humo hutoka ikiwa na mkwaruzo, na kibuyu hugeuka kuwa tarumbeta. Msomaji auweke moyoni utando huo, maana tutaukuta tena Ugogo.

Beni ilikuwa mchezo wa barabarani. Watu wengi, wakitembea, wakisambaa, uwanja usio na ukuta: hayo yote ni maadui wa mashine ya pembe, inayomtaka mpigaji asimame karibu na asisogee. Kwa sababu hiyo ya kifizikia, pamoja na sababu za kibiashara, santuri zilizoifanya Afrika Mashariki ijisikie yenyewe zilikuwa za muziki wa chumbani. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wenzake hadi Bombay, wakanaswa na kampuni ya His Master's Voice. Maikrofoni ya umeme, iliyoanza kutumika katika santuri mwaka 1925, ilikuwa imekwisha kupanua sikio la mashine, likafikia takriban Hertz 100 hadi 5,000. Tunaisikia sauti ya Siti leo kwa uwazi ambao Johnson hakuupata.

Hata hivyo mpaka mmoja haukuondoka, nao ni muda. Mwanafunzi na afanye hesabu. Santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika. Mifereji yake ilipangwa takriban minne katika kila milimita. Kwa dakika tatu santuri huzunguka mara 234, na mifereji 234 huchukua milimita 58 hivi, yaani karibu sentimita 6. Santuri ya kawaida ilikuwa na nusu-kipenyo cha sentimita 12.7, na sehemu ya katikati ilikaliwa na karatasi ya jina. Nafasi ikaisha. Taarabu ambayo ukumbini iliweza kurefushwa kadiri hadhira ilivyotaka, hadhira ikitunza na kuitikia, ilipaswa kukatwa iingie katika dakika tatu zisizo na hadhira. Kejeli iliyokuwamo katika maneno ilisalia. Kicheko cha waliojua inamlenga nani hakikusalia.

Dakika tatu za Spike Jones

Aliyezigeuza dakika hizo tatu kuwa uwanja wake alikuwa mpiga ngoma wa California, Spike Jones, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 1965. Alikuwa akipiga katika okestra za studio huko Los Angeles, kazi inayodai usahihi mwingi na inayotoa nafasi ndogo ya mzaha. Mwaka 1941 yeye na wenzake, waliojiita City Slickers, walianza kunasa santuri katika kampuni ya Victor, chini ya chapa yake ya Bluebird.

Mwishoni mwa Julai 1942 walinasa wimbo wa kumdhihaki Hitler, ulioitwa Der Fuehrer's Face. Siku chache tu baadaye, tarehe 1 Agosti, chama cha wanamuziki wa Marekani kilianza mgomo wa kutonasa santuri, na kampuni ya Victor haikuafikiana nacho mpaka Novemba 1944. Hivyo wimbo huo ulipenya mlango ukifungwa. Kila ulipomtaja Hitler kwa salamu ya utii, palifuata mlio wa kuzomea uliotolewa kwa kijichombo cha mpira: hewa ikipulizwa, mpira hutapatapa kama midomo ya mtu anayedharau. Ukiutazama kwa jicho la fizikia, mlio ule ni wa ukoo mmoja na kibuyu cha mganda. Katika vyote viwili, utando mwepesi hushindwa kuifuata hewa kwa utulivu, nao huzaa mkwaruzo.

Mgomo ulipokwisha, mwishoni mwa Novemba 1944, bendi ilinasa Cocktails for Two. Wimbo huu ulikuwa wa mapenzi, laini, uliojulikana na kila mtu. Santuri inaanza kwa upole, waimbaji wakiitikiana kama katika kanisa; kisha ghafla zinaingia honi za magari, kengele za ng'ombe, bastola, filimbi na kwikwi. Mtu asikiaye kwa haraka husema ni vurugu. Asikilizaye kwa makini hugundua kwamba hakuna mlio hata mmoja ulio nje ya mwendo. Kengele za ng'ombe zilichaguliwa kwa noti zake, honi kadhalika, na milio yote ilipangwa mahali pake kama inavyopangwa noti ya tarumbeta.

Bastola ilikuwa na taabu yake. Mlio wake ni mfupi mno na mkubwa mno, na una mitetemo ya kila aina kwa pamoja. Katika santuri, sauti ikizidi ukubwa mfereji hupinda zaidi kwenda kulia na kushoto. Kumbuka kwamba mfereji wa jirani uko umbali wa robo ya milimita tu. Mlio mkubwa kupita kiasi ungekata ukuta baina ya mifereji miwili, na sindano ya msikilizaji ingeruka. Kwa hiyo kelele iliyosikika kana kwamba haina adabu ilipaswa kupimwa kwa uangalifu wa mfamasia.

Santuri hizi zinatufunza jambo la pili. Kama fundi wa kampuni angeambiwa tu, "Ondoa kelele, acha muziki," angeuharibu wimbo wote. Ilimbidi kwanza ajue bendi ilikusudia nini.

Utando wa buibui

Turudi Ugogo. Marimba ya Wagogo, ambayo wenyewe huiita ilimba, ni sanduku la mbao lililotobolewa ndani, na juu yake zimefungwa ndimi za chuma za urefu mbalimbali. Ulimi mrefu hutoa noti nzito, na mfupi hutoa noti nyembamba. Katika sanduku hutobolewa tundu dogo, na juu yake hubandikwa utando mwembamba utokanao na kifuko cha mayai ya buibui. Ulimi utetemekapo, hewa iliyo sandukuni hutetemeka pia na kuusukuma utando. Utando ni mwepesi mno. Hauishii kufuata mwendo wa hewa, bali huruka na kugonga, na kila mgongo huongeza sauti fuasi za juu ambazo ulimi peke yake haukuwa nazo kwa nguvu hiyo.

Tuchukue ulimi wa Hertz 300. Mvumo wa utando utaongeza nguvu katika marudio kama 3,000, 3,300, 3,600 na zaidi, yote yakiwa mazidisho ya 300. Tukiiweka marimba hiyo mbele ya pembe ya mwaka 1906, iliyokomea karibu na Hertz 2,500, noti ingeingia na mvumo ungebaki nje. Mashine ingeiponya marimba ugonjwa isiokuwa nao! Msikilizaji wa Berlin angeandika katika daftari lake kwamba chombo hiki kina sauti laini na safi, na angekuwa amesema kweli kuhusu nta, na uongo kuhusu marimba.

Kwa bahati njema, vifaa vilikuwa vimekua wakati Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akinasa muziki wa makabila mengi, Wagogo wakiwa miongoni mwao. Tracey alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza kwa mwimbaji huyu na chombo kile. Mwaka 1954 alianzisha Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ambayo tangu mwaka 1978 imekaa katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Baadaye mzaliwa wa Doduma, Hukwe Zawose, aliipeleka marimba na zeze Dar es Salaam, kisha Bagamoyo, na hatimaye duniani kote. Santuri yake na wenzake iitwayo Tanzania Yetu ilitoka mwaka 1985. Alifariki mwaka 2003. Katika kazi hizo mvumo unasikika, kwa kuwa mashine iliweza kuunasa, na kwa kuwa mpigaji mwenyewe hakukubali kuuacha.

Noti iliyodhaniwa mbovu

Mvumo si jambo pekee lililowatatanisha wageni. Noti zenyewe ziliwatatanisha. Mtafiti Gerhard Kubik alionyesha kwamba ngazi ya noti ya Wagogo hulingana na sauti fuasi za asili, tangu ya nne hadi ya tisa. Tukianza na mtetemo wa Hertz 100, sauti fuasi hizo ni 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Noti ya 700 haipo katika piano. Noti ya piano iliyo karibu nayo, ukianzia 400, ni takriban Hertz 713. Sikio lililolelewa na piano hulisikia lile la 700 kuwa limeshuka, na huenda likatabasamu, kama anavyotabasamu mtu akisikia mlevi akiimba. Lakini 700 kwa 400 ni uwiano wa 7 kwa 4, uwiano sahihi wa uzi wenyewe. Kicheko kikitoka hapo, kimesababishwa na matazamio ya msikilizaji, maana mpigaji hakukosea.

Hapa mwalimu wa hesabu aweza kuuliza: je, santuri au kanda ikizungushwa kwa kasi isiyo sahihi, ngazi hii haiharibiki? Tuseme santuri ya mizunguko 78 imezungushwa mara 80. Noti zote zitapanda kwa asilimia 2.6 hivi: 400 itakuwa 410, na 700 itakuwa 718. Lakini 718 ikigawanywa kwa 410 hutoa tena 1.75. Kila noti imepanda, na uwiano umebaki. Kwa hiyo anayepima ngazi ya muziki kutoka katika santuri kuukuu na apime uwiano, asipime noti mojamoja.

Maswali matatu kwa msikilizaji

Leo kuna programu za kompyuta zinazosafisha sauti za zamani. Humwomba mtumiaji aonyeshe sehemu yenye kelele tupu, kisha huitoa kelele ya namna hiyo katika wimbo wote. Nyingine hukata tu kila kilicho juu ya marudio fulani. Simu za mkononi nazo nyingi hupunguza kelele zenyewe, kwa utaratibu uliotengenezwa kwa ajili ya maneno ya binadamu. Kwa programu kama hiyo, mvumo wa marimba, kayamba na njuga ni uchafu. Kinachotishwa hapa ni kikubwa: tunaweza kuwa na maelfu ya nakala safi za muziki ambao haukupata kupigwa na mtu yeyote.

Msikilizaji makini aweza kuzitambua kelele kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: je, kelele inaanza na noti na kufa pamoja nayo? Ikiwa ndiyo, yaelekea ni ya chombo. Mvumo wa utando haupo pale ambapo ulimi haujapigwa.

Swali la pili: je, inaendelea hata katika kimya baina ya noti? Ikiwa ndiyo, yaelekea ni msuguano wa sindano, mlio wa kanda, au upepo.

Swali la tatu: je, inajirudia kwa muda uleule daima, bila kujali mwendo wa ngoma? Sekunde 60 zikigawanywa kwa 78 hutoa sekunde 0.77. Kishindo kinachorudi kila baada ya sekunde 0.77 ni mkwaruzo mmoja katika santuri, unaopitiwa na sindano kila mzunguko. Hakuna mpiga ngoma aliyekitia.

Liko pia jambo la kuangalia katika santuri za zamani. Sindano ikiwa ukingoni, mfereji hupita chini yake kwa kasi ya mita moja hivi kwa sekunde. Ikikaribia katikati, kasi hupungua hadi nusu yake. Mitetemo ya juu hubanwa mahali padogo zaidi na husomeka kwa shida. Basi mvumo ukififia kuelekea mwisho wa wimbo, usiseme upesi kwamba mpigaji alichoka.

Kazi iliyopo Ihumwa

Shule haihitaji maabara kubwa ili kushiriki kazi hii. Kwanza ifanye jaribio. Twaeni kipande cha bomba la plastiki, au kibuyu kidogo kilichotobolewa ncha zote mbili. Toboeni tundu dogo ubavuni, na juu yake bandikeni kipande cha mfuko mwembamba wa nailoni, kisivutwe mno. Mwanafunzi mmoja aimbe noti moja ndani ya bomba, kwanza tundu likiwa limezibwa kwa kidole, kisha likiwa wazi. Darasa litacheka, na ni vema licheke. Kisha mwalimu aulize: ni nini kilichoongezeka, wakati noti ni ileile? Simu yenye programu ya kuchora marudio ya sauti itaonyesha mistari mipya ikichomoza juu, kila mmoja ukiwa zidisho la noti ya mwimbaji.

Hatua ya pili ni kumwendea mpiga marimba au zeze, kwa ridhaa yake, na kumnasa. Ihumwa ina maadui wake wa sauti: upepo mkavu wa kiangazi, malori ya barabara kuu ya Morogoro, na reli. Chagueni asubuhi mapema, mahali penye ukuta au kichaka kinachozuia upepo, na ifunikeni maikrofoni kwa kitambaa chepesi. Zimeni utaratibu wa simu wa kupunguza kelele, kama unazimika. Kabla mpigaji hajaanza, naseni nusu dakika ya mahali penyewe pasipo muziki, ili atakayesikiliza baadaye ajue kelele ya mahali ni ipi. Andikeni tarehe, jina la chombo, aliyekitengeneza, na utando wake umetoka wapi. Nakala ya kwanza isisafishwe kamwe. Anayetaka kusafisha na asafishe nakala ya pili.

Watoto wakicheka wakati mzee anapoigiza sauti ya fisi kwa zeze lake, msiwanyamazishe wala msikikate kicheko chao baadaye. Siti na wenzake hawakupewa nafasi hiyo Bombay, kwa kuwa dakika tatu zilikuwa zimekwisha. Kijana wa Ihumwa mwenye simu mfukoni ana saa nzima. Na aitumie kunasa wimbo, pamoja na mvumo wake, na pamoja na watu walioufurahia.